Soksi Kwenye Mpini

Maswali thelathini na moja.
Niliyatunga mwenyewe, nikayahesabu mwenyewe,
mimi Millaray, dawati la pili kutoka dirishani,
kiwanda cha majiko ya kuni, Valdivia,
mji ambao mvua hainyeshi: inaishi.

Kwa kipimo cha moja hadi kumi,
umeridhika kiasi gani na mwonekano wa jiko?
Kwa kipimo cha moja hadi kumi,
ungemshauri jirani anunue la kwetu?
Swali la kumi na nne, mpini wa mlango:
bora sana, bora, wastani, hafifu.
Weka alama. Endelea. Ukurasa wa tatu kati ya saba.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nikabonyeza.
Zikaenda barua pepe elfu mbili mia moja na arubaini.
Zikarudi kumi na tisa.
Nne zilikuwa za mama zetu
(wangu alinipa kumi kila mahali,
hata pale palipoulizwa umri wake).
Mpini: bora, bora, bora.
Don Heriberto akapiga meza: "Unaona? Wameridhika!"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga.
Hawakuliona dodoso langu.

Usiku nikawaza: huyu ninayemwandikia,
Jumatatu saa mbili yuko wapi?
Anatafuta kiatu cha mtoto chini ya kochi.
Basi linamwacha.
Jiko lake ni majivu,
nami namuuliza habari za moto.

Nikafuta.
Nikafuta "Mteja wetu mpendwa",
nikafuta bahati nasibu ya kikaango,
nikafuta moja zote na kumi zote.
Likabaki swali hili:
Kuna kitu kwenye jiko lako usichokipenda, ila umekizoea tu?
Chini yake nafasi tupu, andika utakavyo.
Chini zaidi jina langu, si la kampuni.
Nikangoja Alhamisi, saa moja na nusu jioni,
mvua ikilicharaza bati,
watu wamekaa mbele ya kitu chenyewe.

Chai yangu haikupata muda wa kupoa.
Mzee wa Corral: "Mpini unaunguza.
Nimeuvisha soksi, huu mwaka wa tatu. Ya kijani."
Mwalimu wa Panguipulli: "Natumia taulo.
Nilidhani kosa ni langu, nina ngozi laini."
Mwingine: "Binti yangu anauita Shangazi Mkali."
Na mmoja, maneno matatu tu:
"Nani anasoma hii?"
Nikamjibu palepale: Mimi. Millaray. Nasoma.
Akaniandikia kurasa mbili.

Kufikia Jumamosi, majibu mia nne na sita.
Soksi sitini na moja.
Taulo, koleo, mguu wa suruali ya marehemu mume.
Wawili walikuwamo katika wale kumi na tisa.
Bora, walisema mara ya kwanza.
Wangesemaje? Sikuwawekea kisanduku cha soksi.

Don Heriberto alizisoma zote kwa miwani ya kuazima,
hakusema neno, akachukua koti.
Nikanong'ona nyuma yake:
kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Asubuhi ya Jumatatu akaja na mfuko wa karatasi,
akatoa glavu ya jikoni, kiganja kimeungua rangi ya kahawa,
akailaza juu ya dawati langu taratibu
kama mtu anayerudisha deni.
"Inaning'inia kando ya jiko langu," alisema.
"Miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kuiona."

Kumbe kuna na kitanda unachokilalia mno,
hata kunguni wakawa jamaa.

Sasa naandika barua ya tatu.
Hii haina swali.
Inasema: mpini mpya ni wa mti, mliusema, tumeuchonga,
njooni mbadilishiwe bila malipo.
Leteni soksi zenu.